Nyota Iliyoingia kwa Hodi Moja

Nilitoka Kisangani kwa sababu ya mdomo wangu. Nasomea fizikia, na kazi yangu ya mwisho chuoni ni kuchambua picha za darubini ya eksirei iliyoko angani. Wiki moja kabla ya hapo niliona upinde wa mwanga pembeni mwa picha. Bila kumwuliza profesa, nikampigia simu mjomba wangu, Tonton Ramazani, kule Bengamisa: "Nimepata nyota mpya!" Siku hiyohiyo alikuwa amepata mjukuu. Akaamua mtoto aitwe Nuru kwa heshima ya nyota yangu, akaalika mtaa mzima kwenye akika. Ijumaa profesa akautazama upinde ule, akacheka mpaka miwani ikadondoka. "Huu ni mwanga wa kuzurura tu, mama."

Jumamosi, saa mbili asubuhi, nikapanda pikipiki ya kukodi. Daraja la Tshopo tulilivuka nikitunga visingizio. Tope likanipaka hadi masikioni. Kufikia Bengamisa nilikuwa na visingizio vitatu, vyote vibovu.

Saa tano tulifika. Wageni wamejaa, mbuzi keshachinjwa, ndizi za lituma zinatwangwa. Kwa haraka nikapiga hodi uani, nikaingia moja kwa moja hadi sebuleni.

"Rudia!" Tonton akafoka. "Hapa hodi iko mbili: ya lupango, pale uani, na ya mulango wa nyumba. Mutu wa hodi moja iko mwizi!"

Nikarudi nje, nikapiga hodi ya pili. Pale mlangoni ndipo nilipopata la kusema.

"Tonton, vioo vya ile darubini ni kama masufuria yasiyo na vitako, moja ndani ya jingine. Mwanga halali hugonga kioo cha kwanza, kisha cha pili, ndipo uingie kwenye picha. Ule wangu uligonga kimoja tu. Ni wa nyota ya zamani, iliyo nje ya picha. Dawa yake ni pete za chuma mbele ya vioo, ziuzuie."

"Donc, basi, nyota mupya hakuna?"

"Hakuna. Nisamehe."

Tantine, mkewe, akaushika mwiko vizuri. Wallahi nilitamani ardhi inimeze.

Tonton akawageukia wageni. "Bon! Nyota iliingia na hodi moja. Huyu ametoka Kisangani na tope yote hii, anairudisha ku mulango. Mujukuu ataitwa Nuru vilevile. Mwanga haikusema uongo. Ni huyu!"

Nyumba ikaangua kicheko. Adhabu yangu ikawa kutwanga ndizi za lituma hadi alasiri.

Jumapili nikarudi mjini, viganja vimevimba. Jumatatu nikabisha hodi kwa profesa mara mbili.

"Nimekusikia mara ya kwanza," akasema.

Nilikuwa na upinde mwingine mkononi, na sikuwa nimempigia mtu simu.