Jogoo Anayechechemea Kila Ijumaa

Niapieni kwanza kwamba hamtamwambia mtu. Mmeapa? Basi sikilizeni, maana mimi mwenyewe nimeshawaambia watu saba.

Hapa Junda yuko mjane anayetibu miguu ya kuku. Magamba yakiinuka huiosha kwa maji ya uvuguvugu na kuipaka mafuta ya nazi, kwa kuwa mafuta ya taa yamekuwa shida tangu vita hivi vianze. Mguu ukivimba, hutazama kwanza kile kitambaa cha alama tunachowafunga kuku wasichanganyike na wa jirani. Kikibana, damu haipiti.

Mzee mmoja, aliyefiwa na mkewe zamani, humletea jogoo yule yule kila Ijumaa. Kabla ya kumshika jogoo, mjane humuuliza mzee, "Umelalaje, bwana? Umekunywa chai?" Mzee hujibu polepole, kama anyonyaye peremende asitake iishe. Namwelewa. Kuku wangu wazima, na kwangu hakuna aniulizaye.

Ijumaa iliyopita mjane alishangaa. "Kitambaa hiki nilikilegeza mwenyewe. Nani hukikaza?"

"Ni umande, bibi. Kikilowa hujikaza."

Ijumaa hii tulijaa uani na kuku wetu. Mjane alitoka kumwaga maji, akamkuta mzee nyuma ya ua, jogoo kwapani, ncha ya kitambaa menoni, anavuta.

"Njooni muone!" akaita. "Kumbe umande una meno!"

Tukatoka sote, tukacheka. Mzee hakukimbia. Alikitema kitambaa, akamtazama mjane peke yake.

"Nikija mikono mitupu, bibi, utanikaribisha?"