Rimoti ya Marehemu

Karani mstaafu wa posta hakuwa fundi, ila mikono yake haikujua kutulia. Rimoti ya televisheni ilimkera kuliko vitu vyote vya nyumba ile: mpaka uinyooshe mbele ya kioo kama unayemdunga mtu sindano, na ukigusa pembeni kidogo inakupeleka kwenye lugha usiyoijua. Basi akaipasua. Vitufe vya fitina akaviziba kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, vikabaki vinne. Kisha akaibadilishia kile kitaa chake cha mbele kinachopeleka amri kwenye televisheni, akaweka kikali zaidi, ili aizime televisheni akiwa kitandani, mlango wa chumbani ukiwa wazi.

"Weka chini, bwana wee, tuna wageni," mkewe, mwalimu mstaafu, alimwambia kila alipotaka kuionyesha. Naye aliiweka, akicheka kwa mabega.

Mwalimu aligundua jambo akalimeza. Nguvu ya kitaa ilipita madirishani, na mstari mzima wa nyumba ulikuwa na televisheni za aina moja, za duka moja. Utabiri wa hali ya hewa ukiisha, mzee anabonyeza, na vioo vya majirani vinafumba macho. Watu walilaumu umeme.

Mzee alipofariki, mwalimu alitoa betri, akaifungia rimoti kabatini. Aibu ile nayo imezikwa, alijiambia.

Lakini vioo viliendelea kuzimika, utabiri ukiisha tu.

Wanawake waliozoea kuingia jikoni kwake sasa walimsalimu wakiwa ng'ambo ya barabara. "Nyumba ile ina mambo," alisikia dukani, na alipogeuka kila mtu alikuwa akichagua sabuni. Mume aliyetunza jina lake maisha yote, leo anaitwa jini!

Jioni moja alivaa gauni la heshima, akaichukua rimoti, akaenda kwa jirani wa ukuta kwa ukuta, fundi cherehani mwenye mdomo mpana kuliko mkasi wake. Akijua yeye, mtaa umejua.

"Karibu, shemeji! Au leo umekuja kutuzimia mwenyewe?" Mkewe akamfinya.

"Nimekuja kumsafisha mume wangu." Akawaonyesha mpira, kitaa, na nafasi tupu ya betri. "Hakuna jini hapa. Ni utundu wa mtu mzima aliyeona uvivu kuinuka kitandani."

Fundi alicheka mpaka akafuta macho. "Kumbe mzee! Na mimi nimebadilisha nyaya nyumba nzima!"

Mwalimu akatabasamu, akailaza rimoti mezani. Kwenye televisheni, mtangazaji akamaliza habari za mvua, akaaga.

Kioo kikazimika.

Pale mezani kitufe kimoja kilikuwa kimedidimia, kama kimewekewa kidole, na hakikuinuka. Mke wa fundi alishika kanga yake mdomoni. Mwalimu aliona aibu kabla ya hofu, akanyoosha mgongo.

"Weka chini, bwana wee," alisema. "Tupo kwa watu."

Kitufe kikapanda. Kioo kikawaka.

Fundi, na mdomo wake wote ule, aliisukuma rimoti kwa ncha ya mkasi mpaka ikamfikia mwenyewe. "Shemeji, mimi sijaona kitu."

Na kweli hakuwahi kusema. Vioo vya watu havikuzimika tena, na wanawake wakarudi jikoni kwake, mmoja mmoja. Ni cha kwake tu kinachozimika, utabiri ukiisha. Mwalimu huinuka, akaingia kulala, na mlango wa chumbani huuacha wazi.