Mafuta ya Mota Mu Ponti ya Trakteri

Nitaanza na kosa langu, juu nikianza na la bwana, hasira itanikimbiza na la kwangu nitalisahau. Nilisikia joto mara tatu, nikasema mara moja. Hilo ni langu. Mengine yote siyo yangu, na mupaka leo nakataa kuyabeba.

Wakati ule nilikuwa dereva wa trakteri ndogo mu shamba la mboga la muzungu mumoja, karibu na muto Naviundu. Salade, karoti na kabichi za pale zilikuwa zinaliwa ku meza za bazungu wa Élisabethville. Nilisoma miaka ine tu kwa bapadri, basi kama maneno yangu hayakupangika vizuri, musomaji anivumilie.

Bwana wa shamba hakuwa muntu mubaya. Lazima niseme vile. Siku bibi yangu aliposhikwa na uchungu wa mutoto wetu wa pili, ni bwana mwenyewe alitupeleka hospitali mu kamioneti yake, ndani ya mvula na matope, na hakusema neno juu ya viti vilivyochafuka. Kama angekuwa mubaya siku zote, pengine hii hasira ingekuwa imekwisha zamani.

Trakteri yenyewe ilikuwa ndogo, kiti chake kilinifika ku kifua. Nyuma ilikuwa na ponti, ndiyo ule mufupa munene wa chuma unaounganisha magurudumu mawili makubwa. Ndani ya ponti kuna meno ya chuma yanayosagana, na kitu kinachoyazuia yasilane ni mafuta tu. Lakini mu mashini ile, mikono ya kuinua jembe ilikuwa inakunywa mafuta yale yale ya ponti. Hapo ndipo matata yalianzia. Meno yanapenda mafuta mazito. Mikono, asubui ya baridi, haiyapendi hata kidogo: mafuta mazito yanalala ndani kama bukari ya jana, ule ugali wetu ukiganda, na jembe linapanda polepole sana.

Kuyaangalia mafuta, nilifundishwa na baba mukwe wangu. Alikuwa muntu wa upande wa Mitwaba, aliyekuja muji akiwa kijana na kuzeeka akitia mafuta mu esio, mifupa ya magurudumu ya mawagoni ya chemin de fer, kampuni ya treni. Alikuwa anakaa mu mutaa wa Kenya, pale pale Élisabethville. Kila siku ya juma tatu, mbele ya kuwasha mota, niliweka trakteri pa sawa, juu ikisimama pa mutelemuko mafuta yanakudanganya. Nilipangusa udongo pembeni ya bushoni, kizibo cha ponti, nikaifungua, nikatia kidole kidogo mu tundu. Mafuta yanapaswa kugusa mudomo wa tundu. Kisha nasugua kati ya vidole viwili, nanusa. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Yakingaa vipande vipande, chuma kinalika.

Na saa ya muchana, nikisha kulima, nilikuwa naweka mugongo wa mukono ku ponti. Siyo kiganja. Baba mukwe alinikataza kiganja.

“Kiganja yako imezoea jembe, haisikie tena kitu,” alisema. “Na chuma ikiwa ya moto sana, kiganja inakamata. Mugongo ya mukono inaruka yenyewe. Unahesabu moja, mbili, tatu, mupaka ine. Ukifika ine, esio iko muzima. Ukiruka ku mbili, simamisha.”

Nilijua bazungu bana vyombo vya kupimia joto. Sikuwa nacho. Nilikuwa na mugongo wa mukono.

Basi, mu mwezi wa sita baridi ilishuka. Mutu asiyejua kwetu hasadiki, lakini asubui kule chini karibu na muto majani ya salade yanakuwa meupe kwa umande ulioganda, na ukiyashika yanavunjika. Asubui moja bwana alikuja na koti lake na kitabu cha mashini mukononi, akanikuta nangojea jembe lipande.

“Juu ya nini inakawia hivi?”

“Mafuta iko baridi, Bwana. Ikipata jua itaamuka.”

Alifungua kitabu. Pale palikuwa na safu mbili za namba, moja ya inchi za joto kama yetu, ingine ya inchi za baridi kama ya bazungu. Mu safu ya joto namba makumi tisa, mafuta mazito ya ponti. Mu safu ya baridi namba makumi tatu, mafuta mepesi kama ya mota. Akaweka kidole ku safu ya baridi.

“Utamwaga hii yote, utatia makumi tatu.”

“Bwana, hii ni baridi ya asubui tu. Saa ine jua inatuchoma.”

“Weye utanifundisha baridi? Miye nilizaliwa mu baridi! Angalia salade!”

Bafanyakazi ba kungoa karoti balikuwa banasikiliza. Mumoja akasema chini chini, “Basi muvalishe trakteri koti na kofia,” na wenzake bakaangua kicheko. Bwana alisikia, na nazani alisikia maneno yenyewe, juu masikio yake yaligeuka mekundu. Sijui kama bila kicheko kile angenisikiliza. Mara nyingi nimejiuliza.

Na tena niseme haki: miye mwenyewe nilisitasita. Yeye alisoma, kitabu kilikuwa mukononi mwake, na kweli alizaliwa mu baridi. Nilikuwa nani? Nilifungua bushoni ya chini, mafuta mazito yakatoka, nikatia yale mepesi. Mukono uliomwaga ulikuwa wangu. Na asubui iliyofuata jembe lilipanda mbio, bwana akanipiga ku bega, akasema, “Umeona?” Nami nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi.

Lakini safu ile haikuandikwa kwa inchi yenye baridi ya saa mbili na moto ya saa sita, siku moja ile ile. Na mwezi wa sita haukai. Mwezi wa kenda ulifika, na joto lake linalokausha mate mudomoni. Siku moja muchana niliweka mugongo wa mukono ku ponti, ukaruka mbele sijahesabu mbili.

Nilienda kwa bwana, alikuwa anapanga sanduku za tomate.

“Bwana, ponti inachoma. Turudishe mafuta mazito.”

“Nani amekuambia inachoma?”

“Mukono, Bwana.” Nikamuonyesha mugongo wa mukono wangu.

Alicheka. “Weye na mukono yako! Ni dawa ya mu muji wenu? Usiguse mafuta mupaka nikuambie.” Na ufunguo wa sitoo ya mafuta ulikuwa mu mufuko wake.

Hiyo ndiyo mara moja niliyosema. Mara ya pili, mukono uliruka tena, na kidole kilinuka kama sufuria iliyosahauliwa ku moto. Bwana alikuwa na bageni ku baraza, nikapita. Mara ya tatu mukono uliruka, na ponti ilianza kulia, sauti nyembamba, mutu mwingine angezani ni mududu. Nilisema moyoni, kesho. Kesho nilisema tena kesho.

Nilikuwa naogopa kitu kimoja: buku yangu ya kazi. Kila mufanyakazi alikuwa nayo, na kila bwana, ukitoka kwake au ukikosa kwake, alikuwa na ruhusa ya kuandika namna alivyokuona. Buku yangu ilikuwa na mistari ine, yote mizuri. Muntu mwenye mistari ine mizuri aliweza kuomba kazi ya dereva popote mu muji. Nikifikiri kumusumbua bwana mara ya pili, naona kalamu yake. Ndiyo maana nilinyamaza, ili nilinde buku. Nikiandika hivi naona upumbafu wake wazi, lakini siku zile niliuita akili.

Ponti ilivunjika katikati ya mustari wa kulima. Ilipiga kama jiwe lililoanguka ku bati, gurudumu moja likasimama na lingine likageuza trakteri upande. Bwana aliita mekanisien wa garage moja ya muji, muzungu mwenzake, aliyekuja na fundi mumoja mweusi. Balifungua ponti pale pale shambani. Mafuta yalitoka mepesi kama chai, meusi, na ndani yake vipande vya chuma vinangaa.

Mekanisien akasimama, akauliza kwa Kifaransa nani alitia mafuta ya mota mu ponti.

Bwana aliangalia chini. Kisha aliniangalia miye. “C’est lui,” akasema. Ni yeye.

Haukuwa uongo, muone. Ni miye nilitia. Ndiyo inaniuma kupita uongo, juu uongo ningeweza kuukanusha. Mekanisien aliniita jina la nyani, kwa Kiswahili, ili nisikose kuelewa. Nikasema, “Ni Bwana aliniambia. Kitabu iko mu nyumba, ngoja nikilete.”

“Nyamaza,” bwana akasema.

Fundi mweusi alikuwa amepiga magoti karibu yangu, anakusanya mapande ya chuma mu kopo. Hakuinua kichwa. “Ndugu,” akasema polepole, “usimushinde mbele ya mwenzake. Atakulipisha mu buku.”

Nilinyamaza, na alinilipisha hata hivyo. Juma mosi alinirudishia buku na mustari wa tano. Nilisoma Kifaransa chake polepole, herufi kwa herufi, nikisimama ku mulango wa sitoo: kwamba naharibu mashini kwa uzembe.

Siku ya mungu nilienda Kenya kwa baba mukwe. Nilikaa pa mwisho wa kiti, macho chini, namna mukwe anavyokaa mbele ya baba wa bibi yake, nikamuelezea yote. Nilitumaini atakasirika pamoja nami.

“Ulimuambia mara ngapi?” akauliza.

“Mara moja, Baba.”

“Na ulisikia moto mara ngapi?”

“Tatu.”

Alipiga makofi mara moja, akacheka bila furaha. “Mukwe wangu! Ulisikia chuma inaungua, ukaenda kula bukari. Ku chemin de fer ungesimama mbele ya mashini, wakupige, lakini treni haiondoke.”

Kwetu haubishani na baba mukwe, hata kama maneno yako tayari mudomoni, na yangu yalikuwa tayari: kwamba yeye alikuwa na kapita, musimamizi wa chemin de fer, nyuma yake na kitabu cha sheria, miye nilikuwa na bwana mumoja tu na ufunguo mu mufuko wake. Niliyameza. Kisha yeye mwenyewe akageuka.

“Lakini mustari ule hauko sawa. Kunyamaza ni yako. Mafuta ni yake. Nenda umuambie aandike vyote viwili.”

Juma tatu nilimukuta bwana kati ya salade, peke yake. Nilikuwa nimejifunza maneno njia nzima. “Bwana, nimekuja juu ya buku. Nilisikia moto mara tatu, nilisema mara moja. Andika hiyo, sitakataa. Lakini andika pia kwamba mafuta ulichagua Bwana.”

Nilizani atapiga kelele. Hakupiga. Alisema, kwa sauti ya muntu aliyechoka, “Najua. Nilisoma vibaya. Ni kosa yangu.”

Moyo wangu ulifunguka. “Basi Bwana afute mustari.”

“Kufuta mu buku kunaleta maulizo ku biro ya serikali.”

“Basi Bwana aongeze mwingine chini.”

“Niandike nini? Kwamba miye sijui kusoma kitabu?”

“Ndiyo, Bwana.”

Nilishituka na mudomo wangu mwenyewe. Yeye akatabasamu kidogo, kisha tabasamu ikapotea. “Kaa hapa,” akasema. “Trakteri itatengenezwa, utaiendesha weye. Hapa hakuna mutu atasoma buku yako.”

Sasa wengine bananiambia alinitendea wema, ningekaa. Pengine ni kweli, nimeipima mara nyingi. Lakini alitaka nikae shambani kwake na jina la mutu muzembe, na yeye mwenye kosa aendelee kunipiga ku bega. Nilisema hapana, nikaomba malipo ya siku zangu, nikaenda.

Nyumbani bibi yangu alikuwa anasonga bukari. “Amesema nini?”

“Amekubali. Amesema ni kosa yake.”

“Mbele ya nani?”

“Mbele yangu.”

Alipiga muiko ku mudomo wa sufuria. “Mbele yako! Weye ulikuwa haujui?”

Juma iliyofuata nilienda pahali pa kuchoma matofali, juu nilisikia bako na kamioni mpya bila dereva. Karani mu dirisha alikuwa kijana wa rangi yetu, shati safi, anaandika vizuri kunipita. Alifungua buku, akaweka kidole ku mustari wa tano, akausoma mupaka mwisho, kisha akausoma tena.

“Ndugu,” nikamuambia, “juu yake kuna mingine ine.”

“Nimeiona.”

“Na hiyo ya tano haikuwa vile. Ni mambo ya mafuta ya ponti. Bwana mwenyewe alisoma kitabu vibaya, naye alinikubalia.”

“Alikubali wapi?” Aligeuza ukurasa, akatafuta kwa haki kabisa, siwezi kumulaumu. Ukurasa ule ulikuwa mweupe. “Hapa hakuna kitu, ndugu.”

Alinirudishia buku, akanionyesha na kalamu upande wa tanuru, kule bantu balikuwa banabeba matofali ku bega.