Mgeni wa Nyuma ya Kanga

Juzi juzi nilitoka Haydom kwenda Katesh kumsalimia kaka yangu, na kabla sijavua viatu mlangoni kwake nikaona sebuleni wanaangalia picha ambayo nilidhani ilikufa zamani. Kwenye televisheni alikuwa amesimama mwanaume mrefu, amevua kofia, ameishika kifuani kwa mikono miwili. Nikabaki nimesimama pale mlangoni na viatu vyangu.

"Shangazi, karibu ukae," akasema binti wa kaka. "Ni mpya hii. Wameitengeneza upya."

Kaka akanitazama, akacheka kidogo. "Unaikumbuka?"

Kama ninaikumbuka! Rafiki yangu, kama ulikulia vijijini kwetu kabla umeme haujafika, huenda na wewe unayo picha moja ya namna hiyo, uliyoiona mara moja tu na haijakutoka mpaka leo. Yangu ndiyo hiyo. Acha nikusimulie, maana tangu juzi nimekuwa nikijiuliza kama kitu kilichotutisha namna ile kinaweza kutengenezwa mara ya pili.

Tulikuwa tunaishi Gendabi, chini ya mlima Hanang. Mwaka ule mvua za masika zilikuwa zimekwisha na upepo wa baridi umeanza, ule upepo unaoshuka Hanang ukibeba vumbi na kupiga mabati usiku kucha. Mama alikuwa mjamzito, na siku moja alfajiri uchungu ulimshika vibaya. Baba akaomba gari la mfanyabiashara mmoja wa mahindi, wakampakia mama juu ya godoro, wakaondoka kwenda Haydom hospitali. Nakumbuka mkono wa mama umeshika ubao wa gari. Hakutuaga. Alikuwa ameuma kanga yake kwa meno.

Tukabaki na bibi, mama yake baba. Hakukuwa na simu. Habari ilitembea kwa miguu au kwa basi, na isipofika unangoja. Bibi alikuwa mtu wa kazi, naye alitutuliza kwa kazi. Asubuhi mimi nilifagia zizi, kaka akapeleka ndama malishoni, jioni tulikaa jikoni tukichambua maharage huku makande yanachemka na moshi unatutoa machozi. Kila nilipofungua mdomo kumuuliza kuhusu mama, bibi alinipa kibuyu cha maziwa nikitikise. Nilikitikisa mpaka mikono ikafa ganzi. Hata mezani hatukumtaja mama. Tulikula ugali na maziwa ya mgando, kila mtu akiangalia bakuli lake.

Siku ya mnada jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa rafiki wa mama, alikuja kutuomba kwa bibi. "Niache niwachukue hawa watoto Katesh wakachangamke. Wataota ukungu humu ndani." Bibi akakubali, akampa na kuku wawili wa kuuza. Tulipofika, jirani akaona hawezi kuzunguka mnadani na watoto wawili na kuku wawili. Akatuingiza kwenye banda la video, akamwambia mwenye banda atuangalie mpaka arudi.

Lilikuwa banda la mabati, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, ndani joto na harufu ya jasho na mafuta ya jenereta. Mwenye banda alikuwa mzee wa Kiislamu, mfanyabiashara, kanzu yake safi siku zote. Yeye ndiye aliyetafsiri maneno ya picha za kigeni. Alisimama kando ya televisheni na fimbo, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko ya waigizaji wote.

Picha ile ilikuwa imeshaleta maneno mji mzima kabla hata haijaonyeshwa. Ilimhusu mjane mmoja na mtoto wake. Mchana mmoja mgeni anabisha hodi, anavua kofia, anaomba maji. Anazungumza kwa adabu. Anajua jina la marehemu mume wa yule mjane, na hasemi amelijuaje. Jua likizama amekaa kwenye kiti cha marehemu, na mjane hathubutu kumwambia ainuke. Baadaye inakuja sehemu ya mtoto, na hiyo ndiyo iliyokuwa imegombaniwa. Mchungaji wetu aliikemea kanisani. Alisema picha inayomfundisha mtu kumwogopa mgeni ni kazi ya shetani. Shehe naye akasema maneno hayo hayo msikitini. Mwisho wakaelewana na mwenye banda: aionyeshe, lakini sehemu ya mtoto aifunike.

Kwa hiyo ilipofika pale, yule mzee alichukua kanga, akaitandaza juu ya televisheni. "Hapa sitafsiri," akasema, akainamisha kichwa.

Kanga ile ilificha picha, sauti ikabaki. Tulimsikia mtoto akiimba kwa pua, taratibu. Kisha kiti kikaburutwa sakafuni. Kiliburutwa, kikasimama, kikaburutwa tena. Uimbaji ukakatika. Hakuna mtu aliyekohoa mle bandani. Mwanaume mzima mbele yetu aliinuka akatoka nje, na nuru iliyoingia alipofungua mlango ilinifanya nipige kelele. Kaka alinishika mkono na hakuuachia mpaka jirani alipokuja kutuchukua.

Njiani tulimuuliza jirani ni nini kilitokea nyuma ya kanga. "Kamuulizeni mchungaji," akasema, na akaongeza mwendo.

Kuanzia siku hiyo sikulala vizuri. Kiti chochote kikisogezwa, nageuka kutazama mlango. Nilimwona yule mtu kila mahali, kwenye mahindi makavu, nyuma ya zizi. Na ndani ya hofu hiyo ilikuwapo ile nyingine ya mama, ambayo sikuwa na ruhusa ya kuitamka, basi zikachanganyika, nikawa siwezi kujua ninaogopa nini.

Siku chache baadaye bibi alikwenda shambani kung'oa maharage, akatuacha nyumbani. Ilikuwa mchana. Mbwa akabweka. Nikachungulia, nikamwona mtu mrefu anapanda njia yetu, amevaa koti refu lililojaa vumbi, na kofia. Alifika uani, akavua kofia, akaishika kifuani.

"Hodi hapa. Naomba maji jamani."

Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka tu kwamba komeo lilikuwa limeshaingia na mimi nimeegemea mlango. Kaka alikuwa ameshika mchi wa kinu, midomo yake imekuwa myeupe.

"Usijibu," akaninong'oneza.

Mtu yule alingoja. Akabisha tena, kwa upole. Kisha tukasikia anavuta kigoda cha bibi barazani, kikaburutika juu ya sakafu ya udongo mkavu, na mimi nikajikojolea palepale niliposimama. Nilikuwa msichana mkubwa, wa kuchota maji na kupika. Lakini nilijikojolea.

"Watoto," akasema nje ya mlango. "Najua mmo humo. Mama yenu..."

Upepo ukapiga bati, maneno mengine yakapotea. Kaka alinitazama. Amemjuaje mama? Ndivyo ilivyokuwa kwenye picha. Ndivyo ilivyokuwa hasa!

Tukakaa hivyo, sijui muda gani. Halafu kwenye ufa wa mlango nikamwona bibi anarudi, mzigo wa maharage kichwani, anamwendea yule mtu moja kwa moja. Nilitaka kumpigia kelele asimkaribie.

"Shikamoo mama," mgeni akasema, akasimama.

"Marahaba baba. Karibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hivyo ndivyo bibi alivyompokea kila mtu. Akatua mzigo. Mgeni akamsogelea, akasema naye kwa sauti ya chini, na nikaona bibi anaweka mikono miwili kichwani.

Rafiki yangu, kwetu mwanamke mzima hapandishi mikono kichwani hivi hivi. Hapo picha yote ilinitoka. Kanga, kiti, mjane, vyote vilikwenda, nikabaki na kitu kimoja tu, na kilikuwa kikubwa kuliko nyumba. Kaka akatupa mchi chini, akafungua komeo.

"Mama amekufa?" akauliza. Hakumwamkia mgeni wala bibi.

Yule mtu akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wetu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi, nilidhani ni vumbi. "Mama yenu yuko hai," akasema. "Wamempasua, amelala, jana amekunywa uji. Baba yenu amenituma niwaambie. Mtoto ndiye hakukaa duniani."

Bibi akakaa chini juu ya maharage. Alilia bila sauti, na sisi tukalia kwa sauti, na mgeni akasimama kando akitazama mlima mpaka tukamaliza. Hapo ndipo alipopewa maji. Alikunywa kata mbili bila kupumzika. Bibi akamwambia angoje ugali, akakataa, akasema kwao ni Gehandu na anataka afike kabla giza halijaingia.

"Msindikizeni mgeni," bibi akatuambia, kama vile hakuona nguo zangu zimelowa. Tukamsindikiza mpaka barabarani. Tulitembea nyuma yake, mbali kidogo. Niseme ukweli, bado nilimwogopa. Alimuuliza kaka yuko darasa la ngapi, alipojibiwa akaitikia "vizuri, vizuri," kisha akasema, "Rudini sasa, upepo unakuwa mbaya."

Tuliporudi bibi alikuwa anakunja kanga yake kiunoni apike. Nilingoja anigombeze kwa kumfungia mgeni mlango. Hakunigombeza. "Hofu haina adabu," alisema tu. Kisha akatuambia jambo ambalo mgeni hakutuambia sisi. Alikuwa amempeleka mke wake Haydom, wodi moja na mama. Mke alifariki. Ndugu zake walikuwa wametangulia na mwili kwa gari lililokodiwa, nafasi ikawa ndogo, yeye akapanda basi. Na akiwa na msiba huo, baba alipomwomba, alishuka Katesh akatembea kwanza mpaka kwetu.

Mama alirudi baada ya wiki kadhaa, mwembamba, anatembea ameshika tumbo. Aliishi miaka mingi.

Sasa turudi sebuleni kwa kaka. Niliiangalia ile picha mpya hadi mwisho. Ni nzuri, siwezi kudanganya. Picha inang'aa, damu ni nyekundu, sauti inatoka pande zote. Sehemu ya mtoto wameionyesha yote, mwanzo hadi mwisho, na sitaki kukueleza. Mgeni wa sasa ana historia yake. Wanakuonyesha utotoni anapigwa na baba yake, anafungiwa stoo, na kufikia hapo unajua kwa nini yuko alivyo.

"Hii imeipita ile," kaka akasema.

"Haijaifikia hata kidogo," nikamjibu.

"Wewe ile hukuiona, mdogo wangu. Uliona kanga."

Tukabishana mpaka binti yake akachoka, akaitafuta ile ya zamani kwenye simu. Tukainamia kioo kidogo sisi watu wazima wawili, kama tuko bandani. Ikafika pale. Mtoto anaimba. Anaburuta kiti mpaka dirishani, kinagoma, anakiburuta tena. Anapanda, anachungulia nje. Anaacha kuimba. Mlango nyuma yake unafungwa. Basi. Hakuna kingine.

"Ndiyo hiyo?" kaka akauliza.

Ndiyo hiyo. Waliokuwa wameitengeneza hawakuonyesha kitu, na wazee wetu walifunika mahali pasipo na kitu, na sisi tukatia humo kila tulichokuwa nacho. Mimi nilitia mama. Sioni fundi wa kuitengeneza upya hiyo.

Lakini binti wa kaka alinipa neno ambalo bado ninalitafuna. Nilimuuliza kama yule mgeni wa sasa alimtisha. "Mwanzoni. Baadaye nilimhurumia, shangazi. Walimtesa." Mimi niliambiwa habari za yule mtu wa Gehandu alipokuwa ameshatokomea barabarani, na sikuwahi kumpa pole.

Lile banda sasa ni duka la pembejeo. Mwenye banda aliuza akahamia kwa watoto wake, na bibi amelala Gendabi karibu na mti wa mchongoma aliokuwa anaanikia nguo. Siku hizi mtu hapandi njia ya kwenu bila kupiga simu kwanza, na ukiona namba usiyoijua unaweza kuiacha iite. Hofu yetu tunaitafuta kwa hiari, tumekaa kwenye sofa, tukiwa na rimoti mkononi.

Mama alipofariki nilikuwa mgahawani kwangu Haydom, nakata vitunguu vya wateja wa mchana. Simu ikatetemeka mfukoni mwa aproni. Ulikuwa ujumbe mfupi kwenye kundi la familia, na chini yake tayari watu walikuwa wameanza kuandika pole. Niliusoma nikiwa nimesimama, kisu mkononi, nikatazama mlangoni. Hakukuwa na mgeni wa kumwambia, "Karibu."