Sababu ya Kazi Kusimama

Miaka karibu thelathini nimesimamia wajenzi hapa Likasi, na siku hizi nikisikia mtu anataja "ushirikiano", miguu inaanza kuniuma. Sichukii watu wa chuo. Ninachochoka nacho ni makaratasi yao, na zaidi ya makaratasi, nimechoka na mimi mwenyewe.

Tulikuwa tunajenga shule, na kazi ilichelewa mpaka majirani wakaanza kutucheka. Patron wetu, mwenye kampuni, akaelewana na chuo kikuu kimoja cha Lubumbashi: wao wafuate kazi yetu miezi mitatu, watafute kwa nini majengo ya huku hayamaliziki kwa wakati, halafu watupe dawa. Akaja mwalimu mmoja, mama kijana mwenye buti safi, mpole hata ukimjibu vibaya. Akanikabidhi daftari kubwa. Kila siku niandike kazi ilisimama saa ngapi, na pembeni niandike sababu.

"Papa, andika tu ukweli," akaniambia. "Hatutafute muntu wa kufunga Buluo." Akacheka. Buluo ndiko liliko gereza.

Ee Mungu! Anayesema hivyo hajawahi kuwa chini ya patron. Daftari lenyewe kila Jumamosi lilipita mezani kwa patron atie sahihi, ndipo liende Lubumbashi.

Wiki ya kwanza, kamio, lile lori la kutuletea simenti, ilikwenda Kapolowe kubeba mahindi ya shamba la patron. Siku mbili nzima wajenzi walikaa juu ya matofali wakipiga soga. Nikaandika "simenti haijafika". Nikaona jinsi patron atakavyoniuliza kwa nini nimeandika vile, nikaikata. Jana yake kulikuwa na manyunyu kidogo, hata vumbi hayakulaza. Nikaandika: mvua.

Patron akatia sahihi bila kuuliza kitu. Basi, nikazoea. Walibadilisha plani ya ngazi tukabomoa tulichojenga: mvua. Mashine ya kuchanganya zege ilikufa, na fundi wake alikuwa kilioni: mvua. Siku nyingine nilichelewa mimi mwenyewe na funguo za stoo mfukoni, jua linachoma utosi, nikaandika mvua vilevile. Mvua haiitwi ofisini kujieleza, wala haina shemeji wa kuja kukugombeza. Tangu nikiwa kibarua niliwaona wakubwa wangu wakiandika hivyo, nikadhani ndiyo adabu ya kazi.

Kati ya wajenzi wetu alikuwemo mzee mmoja ninayemwita yaya, kaka mkubwa, ingawa hatukuzaliwa pamoja. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika mwiko. Baadaye maisha yalimtupa Kakontwe, kupasua mawe ya chokaa, mpaka uzee ukamkamata mgongo akawa hawezi kunyanyua nyundo. Nilimtoa huko mimi, nikampa kupiga plasta ndani ya vyumba, taratibu, asiiname sana. Kwa kazi hiyo alilisha wajukuu wanne, na mwingine wa kuwalisha hakuwepo.

Mwezi wa kwanza wa kazi hiyo ulipokwisha tukaitwa mkutanoni, patron, mimi na yule mwalimu. Akatuonyesha mchoro ukutani. Mstari wa mvua ulipanda mpaka juu, sababu nyingine zilikuwa fupi kama majani yaliyoliwa na mbuzi. Kwa hiyo, akasema, shauri la chuo ni hili: kazi ifungwe mpaka mvua iishe, wajenzi wapumzishwe bila mshahara, na kiangazi watu waongezwe. Patron akatikisa kichwa kama mtu aliyeombewa baraka.

Mwalimu akanigeukia. "Papa, ni weye uko pale kila siku. Hii njo vile iko kweli?"

Wote wawili wakanitazama. Nilijua neno langu moja lingetosha. Akilini nilimwona yaya kule Kakontwe, nyundo mkononi. Nilimwona pia patron akigonga meza kwa kidole, na nikajiona mimi, na umri huu, nikizunguka kuomba kazi mlango kwa mlango. Mficha uchi hazai, nalijua sana hilo, nawaambia wengine kila siku.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Njo vile."

Niliogopa, ni hivyo tu. Nisijipambe.

Jumatatu nikasoma majina ya waliopumzishwa mimi mwenyewe, mbele ya ukuta ambao haujakwisha, chini ya jua kali. Watu walinung'unika, wengine walitukana, wakaenda zao. Yaya alibaki anaosha mwiko wake kwenye ndoo bila haraka.

"Sasa minye narudia Kakontwe," akasema.

"Na mugongo, yaya?"

"Mugongo itazobelea, itazoea tu." Akakausha mwiko kwa shati. "Na weye, mudogo?"

"Minye nabakia. Kuchunga chantier, hii mahali ya kujenga."

"Njo muzuri. Hata moja wetu abakie." Kisha akanitazama usoni, akaona jinsi nilivyo, akaniwekea mkono begani. "Ah, usijitese, mudogo. Mvula ni ya Mungu. Nani ataweza kugombana nayo?"

"Njo vile, yaya," nikamjibu, nikambebea mfuko wake wa vyombo mpaka barabarani.