Jina Nililoliandika Kwenye Roboti ya Mirihi

Mpaka leo nikikumbuka natamani kujizaba kofi. Mimi ni mchoraji wa vibao hapa Kamembe. Wajumbe wa nchi nne walikuja kupanga roboti ya kwenda sayari ya Mirihi, waichangie pamoja. Maman mwenye ukumbi wa mkutano akanipa mfano wa roboti hiyo niupake rangi.

Kwetu hata bomba la maji la msaada halikosi jina la mfadhili. Roboti ikose? Bila kuuliza muntu, mjuaji mimi nikaandika ubavuni MSAADA WA, nikamalizia na nchi iliyokuja na magari mengi.

Siku ya kuwaonyesha wajumbe ule mfano, pazia lilipovutwa, makofi yakakatika.

“Papa, nani alikutuma kuandika ile?” maman akaninong'oneza.

Mjumbe wa nchi ndogo akafunga faili lake, wengine wawili wakainuka naye.

“Kumbe ni yenu,” akawaambia wenye magari. “Basi igharamieni peke yenu.”