Nyuzi Nene za Bi Vidole

Wateja walimwita Bi Vidole, maana hapakuwa na kichwa kilichomshinda kusuka. Lakini kusuka kutwa nzima si lelemama. Ikifika jioni, hata kushika kikombe ilikuwa shughuli. Ndiyo maana gitaa lake alilifunga nyuzi nyembamba kuliko zote dukani. Hazikutaka nguvu kubonyeza, na sauti yake ilikuwa nyororo, nyepesi. Akajiona kapata.

Jioni moja alikuwa akipiga sebuleni, mama yake kaketi hatua mbili mbele yake. Mama ndiye aliyemfundisha gitaa, ila sasa masikio yalikuwa yakimtupa mkono.

"Mwanangu," mama akauliza, "mbona siku hizi umeacha kupiga?"

Swali lile lilimchoma moyo. Akaapa kwamba mama atamsikia, liwalo na liwe.

Kesho yake akaenda kwa fundi wa magitaa, mzee asiyepoteza maneno. Fundi akamweleza kwamba uzi mwembamba hautikisi ubao wa gitaa vya kutosha. Unachotoa zaidi ni sauti ya juu, na hiyo ndiyo huwapotea wazee kwanza. Uzi mnene hutikisa sanduku zima la gitaa na kutoa besi, ile sauti nzito. Ila una ukaidi wake: unataka nguvu, na ukikazwa kupita kiasi huweza kubandua daraja la gitaa, kile kibao kinachoshikilia nyuzi. Kisha akamtazama mikono.

"Dada, hivyo vidole vimechoka."

"Vimechoka, havijafa. Funga."

Siku tatu alipiga huku kauma meno. Ncha za vidole zikachubuka, hata mteja mmoja akalalamika kwamba msusi anaguna kuliko anayesukwa. Bi Vidole akarudi kwa fundi, si kubadilisha nyuzi, bali kuuliza njia ya kupunguza maumivu. Fundi akazilegeza zote sita kwa kiasi kimoja, sauti ikashuka hatua moja. Mkazo wa nyuzi ukapungua, unene wake ukabaki pale pale.

Jumapili asubuhi mama alikuwa akichambua maharage. Bi Vidole akakaa karibu yake, akaanza wimbo wa kwanza aliowahi kufundishwa, safari hii kwa sauti nzito kidogo, besi imejaa chumba. Mama hakuinua uso. Ubeti wa kwanza ukaisha, naye bado anachambua tu. Katika ubeti wa pili kidole kikateleza.

Mama akaweka ungo chini, kakunja uso.

"Hapo umekosea," akasema. "Rudia."

Bi Vidole akarudia, machozi yakimtiririka, na alipofika pale pale akakosea tena kwa makusudi.